Magoti ya Mbuya

Mwezi wa Septemba 2018 jarida la kitabibu The Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliolinganisha nchi 168 kwa swali moja: ni watu wangapi wasioushughulisha mwili vya kutosha? Kuwait ilishika mkia kwa asilimia 67. Uganda ilikuwa juu kabisa upande wa sifa njema, pamoja na Msumbiji, kwa asilimia kama 5.5 tu. Kwa hiyo sisi wa huku ndio tuliotangazwa kuwa hodari wa dunia, na habari hiyo ilinifikia nikiwa nimekaa kitandani Mbuya na kitambaa cha maji moto juu ya goti la kulia.

Sina ugomvi na hesabu za wale wataalamu. Anayeijua Mbuya hawezi kuzibisha. Ni mlima ulio mashariki ya Kampala, katika Divisheni ya Nakawa, na hakuna mtu wa Mbuya aliyewahi kuhitaji kuambiwa atembee. Mlimani kuna kanisa la Our Lady of Africa, kuna makao ya Wizara ya Ulinzi na hospitali ya jeshi. Ukiteremka upande mmoja unaingia Bugolobi kwenye maduka ya wenye nazo, na upande wa pili unaangukia Kinawataka, ambako nyumba zimebanana karibu na kinamasi. Maji ya bomba yakikatika, jerikeni za lita 20 hupanda mlima huo vichwani na mikononi mwa wanawake na watoto. Jerikeni iliyojaa ina uzito wa kilo 20 na zaidi, na mtu haibebi mara moja. Alfajiri askari hupita na mchakamchaka wao wakiimba kwa Kiswahili. Nilipohamia hapa na mume wangu, zile sauti ndizo zilizonifanya nisijione mgeni kabisa, maana mimi mzaliwa wa Tanga sikuwa na neno hata moja la Kiganda.

Tunatembea, tunabeba, tunafua, tunalima. Na magoti yanatuuma, na viuno, na mabega. Ukikaa kwenye steji ya taksi asubuhi utawaona kina mama wa makamo wakipanda gari kwa kujivuta kwa mkono, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata shingo upande. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye utafiti ungemwita mvivu.

Lakini hapa Buganda goti lina kazi moja ambayo Tanga haikunifundisha. Kwetu mkubwa unamwamkia kwa shikamoo, umesimama wima, ukizidisha sana unainamisha kichwa. Kwa Waganda mwanamke hupiga magoti. Humpigia magoti baba yake, shangazi yake, mume wa dada yake, na zaidi ya wote mama mkwe. Siku hizi wapo wasichana waliosoma wanaosema desturi hii iachwe, na hoja zao nazielewa. Mimi niliipenda tangu mwanzo. Unashuka, macho yenu yanakuwa chini, maamkizi yanakwenda taratibu, yanauliza nyumba nzima, na hakuna anayekimbilia kusema shida yake.

Shida yangu ilikuwa kuinuka. Nilipofikia miaka ya hamsini nilianza kushika mkono wa kochi. Kisha nikawa nachagua mahali pa kupiga magoti kwa kuangalia kwanza kochi liko wapi. Mama mkwe, ambaye wakati huo alikuwa ameshavuka sabini, alikuwa akiinuka kutoka mkekani kwake kijijini bila kushika kitu chochote, vazi lake la gomesi na yote, huku anaendelea kuzungumza. Nilikuwa nikimtazama kwa wivu. Yeye kalima maisha yake yote na kubeba ndizi kichwani. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kama kuchakaa kunatokana na kazi, goti lake ndilo lingekuwa bovu.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda ilinipiga sindano ya diclofenac, ikanipa na vidonge vyake, ikaniambia ni umri. Vidonge vile vinatuliza kweli, wala sivitukani. Ila ukivimeza muda mrefu bila kuangaliwa vinaumiza tumbo na figo, na hilo hawakuniambia. Wala hawakuligusa paja langu. Mahali pa pili, hospitalini, mtaalamu wa fiziotherapia alilishika goti, akalikunja, akalinyoosha, akaniambia nisimame kutoka kwenye kiti bila kutumia mikono. Nikashindwa. Akacheka kidogo, akasema, "Mama, goti lako halina hatia kubwa. Paja ndilo limelala."

Alinieleza mambo ambayo tangu siku ile nimewaeleza walimu wenzangu wote, watake wasitake. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, haina mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo hauingii wenyewe: gegedu hubanwa na kuachiwa, hubanwa na kuachiwa, kama sifongo la jikoni ndani ya beseni. Kiungo kisichokunjwa hadi mwisho wake kina sehemu ambazo hazipati kitu. Kiungo kinachobebeshwa mzigo huku msuli wa mbele ya paja ni dhaifu hupokea mshindo wote peke yake. Na uzito wa mwili unahesabika hapo pia: wataalamu waliowapima watu wenye magoti yaliyochakaa waliona kwamba kila kilo moja aliyopunguza mtu ililiondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Kilo nne, hatua kwa hatua, kutoka steji hadi nyumbani kwangu mlimani.

Hapo nikamwelewa mama mkwe. Yeye hukaa mkekani. Hula mkekani, humenya ndizi mkekani, husali rozari yake mkekani, na kila mara anashuka na kuinuka kwa miguu yake. Nyonga zake na magoti yake yamepitishwa njia yote, kila siku, kwa uzito wake mwenyewe, tangu utoto. Mimi nilitoka kitini nikakaa kwenye bodaboda, nikatoka kwenye bodaboda nikasimama juu ya sakafu ya saruji mbele ya ubao hadi jioni. Na tangu Baraza la Mawaziri lilipopitisha mnamo Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima mashuleni, kazi ya kusimama imezidi, maana walimu wenyewe ni wachache na kila mzazi anataka mtoto wake ajue. Nilikuwa nashughulika sana, lakini viungo vyangu vilikuwa vinapita njia ile ile fupi.

Mtaalamu yule ndiye aliyetaja yoga. Nilicheka. Yoga kwangu ilikuwa picha za wasichana wembamba ufukweni wamepitisha mguu nyuma ya kisogo. Na Wahindi nimeishi nao Tanga, nimewakuta Kampala, wajukuu wa watu waliokuja enzi za reli na biashara, wakafukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 kwa kupewa siku 90 za kuondoka, wakarudi baadaye baadhi yao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunifundisha yoga. Ajabu ni kwamba ilinifikia Mbuya kwa mkono wa kijana wa Kikenya. Nairobi kuna shirika linaloitwa Africa Yoga Project, lililoanzishwa 2007, ambalo limefundisha vijana wengi wa mitaa ya hali ya chini wakawa walimu. Mwalimu wetu alikuwa amejifunzia Nairobi, akaja Kampala kutafuta maisha, na kila Jumamosi asubuhi aliazima darasa la shule moja ya chekechea. Tulisogeza vile viti vidogo vya rangi ukutani, tukatandika mikeka chini ya mabango ya herufi na wanyama.

Siku ya kwanza hatukujipinda popote. Alileta viti vya kawaida, akatukalisha, akasema, "Shikamoo kina mama. Leo tunajifunza kukaa." Tukatazamana. Kukaa kwenyewe kulikuwa hivi: unasimama mbele ya kiti, visigino vimekanyaga chini vizuri, unaweka uzito sawa kwenye kidole gumba, kidole kidogo na kisigino, kisha unashuka kwa kuhesabu polepole hadi tano huku magoti yanaelekea kule kule vidole vinakoelekea. Goti langu la kulia lilikuwa linakimbilia ndani kila mara. Sikuwahi kulijua hilo maisha yangu yote. Nikifika tatu nilikuwa naporomoka, kiti kinalia. "Mama, usidondoke. Shuka," alisema. Tena. "Usidondoke. Shuka." Mapaja yalitetemeka mpaka nikaona haya. Kule kuporomoka ndiko nilikokuwa nikilifanyia kochi la mama mkwe kwa miaka, na ndiko nilikokuwa nikilifanyia goti langu katika kila ngazi ya kushukia.

Baada ya kiti ulikuja ukuta: mgongo umeegemea, magoti yamekunjwa nusu, unabaki hapo unapumua. Kisha daraja, umelala chali, nyayo ziko chini, unanyanyua nyonga. Kisha mti, unasimama kwa mguu mmoja, wa pili umeegemezwa kwenye kifundo, si juu ya goti, macho kwenye bango moja ukutani. Mimi macho yangu yalikuwa kwa twiga. Tulikaa muda mrefu kwenye mambo haya madogo kabla ya kuanza kuinama na kujipinda, na leo nikiona mwalimu anaanza na kujipinda kwa watu wa umri wangu, ninaondoka.

Pembeni yangu alikuwepo dada mmoja msusi kutoka Bukavu, binti wa miaka ishirini na kitu, ambaye angeweza kukunjika akaweka viganja chini bila kukunja goti. Sote tulimwonea wivu. Mwalimu alimkataza. Msusi yule alikuwa na maumivu ya mgongo na viganja, kutwa ameinama juu ya vichwa vya watu Kinawataka, na alikuwa akijinyoosha zaidi na zaidi akitumaini yatapungua. "Inaniuma ku mugongo," alikuwa akisema, "sasa niunyoshe." Mwalimu akamwambia viungo vyake vimelegea tayari, kinachopungua ni misuli ya kuvishika. Akampa mazoezi ya kukaza tumbo na kusukuma ukuta, tena bila kuruhusiwa kufika mwisho wa mkunjo wake. Mimi mgumu niliambiwa nijinyooshe kidogo. Yeye mlaini aliambiwa ajikaze. Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi ile. Wepesi wa viungo usio na nguvu ya kuvizuia ni njia ya kuumia, na wengi wanaojisifu kwa kugusa vidole vya miguu hawajui kama wana kimoja au wana vyote viwili.

Halafu alikuja Afande. Mstaafu wa jeshi, mtu wa kifua, bado anakimbia asubuhi. Alifika kwa sababu ya mkewe, akasimama mlangoni, akatuona tumelala chali kwenye mikeka. "Hii mazoezi iko ya kulala?" aliuliza kwa kile Kiswahili cha kambini kisichojali ngeli, na mimi mwalimu wa lugha nikajizuia. Alipewa pozi la shujaa: mguu mmoja mbele umekunjwa, mwingine nyuma umenyooka, mikono imetandazwa, unatulia hapo. Alitulia kwa pumzi chache tu, kisha jasho, kisha mguu wa mbele ukaanza kucheza wenyewe. Alikuwa na nguvu nyingi za kwenda, hakuwa na za kubaki. Nyonga zake zilikuwa zimekaza kiasi kwamba hakuweza kukunja miguu akakaa chini. Magoti yalisimama juu karibu na masikio. Mwalimu akamwekea matofali mawili yaliyofungwa kanga, akakaa juu yake, na magoti yakashuka. "Hii iko ngumu kuliko mchakamchaka," alisema, na wiki iliyofuata akarudi na matofali yake mwenyewe.

Yale matofali yana historia. B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa Bellur kusini mwa India mwaka 1918 wakati wa homa kuu ya mafua, alikuwa mtoto wa maradhi: malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu. Alifundishwa na shemeji yake Krishnamacharya kule Mysore, na baadaye akawa ndiye aliyeeneza matumizi ya vipande vya mbao, mikanda, viti na mito ili mtu mgumu, mgonjwa au mzee afike pozini bila kujiumiza. Kitabu chake Light on Yoga kilitoka 1966, na yeye alifariki 2014 akiwa na miaka 95. Mwishoni mwa mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliipitisha tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Matofali yetu ya Mbuya, kanga zangu za Tanga zilizotumika badala ya mikanda, na viti vilivyoazimwa, vyote vimo ndani ya ukoo huo.

Suala la dini lilikuja, na lazima niseme lilivyokuja. Dada mmoja aliacha baada ya mchungaji wake kumwambia kwamba anafungua milango ya mapepo. Waislamu nao wana mjadala wao. Malaysia, baraza la fatwa lilitoa mwaka 2008 uamuzi wa kuikataza yoga inayochanganywa na nyimbo na ibada. Sitaki kujifanya kwamba yoga haina mizizi ya Kihindu. Inayo, na ni dharau kwa wenyewe kuikana. Mwalimu wetu hakuimba kitu, hakuweka sanamu, na mwishoni tulipolala chali kila mtu alinyamaza na Mungu wake. Mimi ni Mwislamu. Rukuu na sijida zimenifundisha tangu utoto mgongo ulionyooka na paji la uso chini, na nilipoambiwa nipige pozi la mtoto, mwili wangu uliijua njia. Nimeridhika na msimamo wangu, na sitamlazimisha asiyeridhika. Kushuka kitini polepole hakuhitaji fatwa.

Kwa upande wa madaktari, maneno ni ya kiasi, na kiasi hicho nakipenda. Chuo cha Matabibu cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2017, kiliiweka yoga kati ya mambo ya kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno. Chuo cha Marekani cha wataalamu wa baridi yabisi, mwaka 2019, kiliipendekeza kwa masharti kwa goti lililochakaa. Kwa masharti, yaani ushahidi upo lakini si mzito. Hakuna aliyesema yoga inaotesha gegedu mpya. Goti langu bado linalia ninapopanda ngazi, na mvua za Novemba bado nalisikia. Yapo na mambo ambayo mtu wa rika langu asiyaguse: kusimama kwa kichwa, hasa mwenye presha au ugonjwa wa presha ya macho, kukalia miguu iliyopishanishwa juu ya mapaja, maana nyonga ikigoma goti ndilo linalosokotwa, na kujikunja sana mbele kwa mwenye mifupa iliyopungua ugumu.

Hili la mifupa linawahusu wengi Mbuya kuliko inavyosemwa. Mwaka 2001 pale parokiani ilianza Reach Out Mbuya, kuwahudumia watu wenye virusi vya UKIMWI wakati ambapo wengi walikuwa wakisubiri kufa majumbani. Dawa zilikuja, na leo wapo wenye wajukuu. Baadhi ya dawa hizo, zikitumiwa miaka mingi, hupunguza uzito wa mifupa. Watu waliookolewa wasife sasa wanahitaji kusaidiwa wasianguke, na kusimama kwa mguu mmoja ukiwa umeshika ukuta ni mazoezi ya kutosha kuanzia.

Uganda inapenda mazoezi ya kishindo. Aprili 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, Rais Museveni alitoa video akikimbia ndani ya ofisi yake peku na kupiga pushapu, na nchi nzima ikaiga. Jambo jema. Lakini hakuna anayerekodi video ya mama wa miaka hamsini na tano anayekaa kitini kwa kuhesabu hadi tano, na huyo ndiye aliyejaa kwenye foleni za dawa za maumivu.

Kwa mama mkwe sasa napiga magoti na kuinuka bila kochi. Nakunja vidole vya mguu wa kushoto, naweka uzito kisiginoni, napanda. Yeye hakusema neno kuhusu yoga. Aliniuliza tu kama dawa niliyopewa inapatikana kwao Masaka.

Darasa letu limesimama. Shule ile ya chekechea ilihitaji chumba chake Jumamosi, na Kampala mahali patupu, tambarare, penye paa, pasipo kodi kubwa, hapapatikani kirahisi. Basi ombi langu ni kwa wenye kumbi: parokia, misikiti, shule, hata kambi. Kumbi zenu nyingi hukaa tupu Jumamosi kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi. Tufungulieni. Tunahitaji sakafu iliyofagiwa, ukuta mmoja usio na madirisha, na viti visivyoyumba. Matofali na mikeka tutakuja navyo.